Saa nne hewa yajaa, saa kumi yapwa: mzigo wa angani unaoisukuma Dunia

Na Mwandishi Wetu, Rubavu

Tuseme unauza sambaza hapa Mbugangari. Umenunua asubuhi kwa wavuvi waliokesha ziwani na taa zao, umeanika kwenye turubai, na unangoja wakauke ili kesho uvuke nao kwenda Goma. Kijana wako ana simu yenye kipimo cha mgandamizo wa hewa, na shuleni alifundishwa kanuni moja: namba ikishuka, mvua inakuja. Inapofika saa nane mchana anakukimbilia. "Mama, namba inashuka!" Mnakunja turubai haraka, mnaingiza sambaza ndani wakiwa bado na unyevu. Jua linaendelea kuwaka mpaka linazama upande wa Goma. Mvua hakuna.

Kesho yake saa nane namba inashuka tena. Kesho kutwa vilevile. Siku ya nne sambaza wananuka, na mteja wa ng'ambo hanunui harufu. Mtaji umekwenda. Simu nayo haikudanganya. Hewa juu ya paa lako ilipungua kweli, kama ilivyopungua jana, juzi, na kama itakavyopungua kesho kutwa. Kilichokosewa ni maana yake.

Hiyo ni kujaa na kupwa kwa hewa. Watu wa Mombasa, Lamu na Unguja wanajua maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Sisi wa Ziwa Kivu hatuna bamvua wala maji mafu, kwa sababu ziwa letu ni dogo mno kwa kazi hiyo. Lakini juu ya vichwa vyetu tunayo bahari nyingine, ya hewa, nayo hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Tena karibu na ikweta hufanya hivyo kwa nguvu kuliko mahali pengine popote duniani. Bahari hiyo haiishii kuwachanganya wauza samaki. Inaisukuma Dunia yenyewe inavyojizungusha, na wataalamu wengine wanaamini ndiyo sababu siku yetu ya soko ina saa 24, wala si 60.

Saa zile zile, mchana na usiku

Mpangilio wake ni rahisi kuukumbuka kwa mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili. Hewa hujaa saa nne asubuhi. Hupwa saa kumi jioni. Hujaa tena saa nne usiku, ikapwa tena saa kumi alfajiri. Nne na kumi, nne na kumi, mwaka mzima, kiangazi na masika.

Kiasi chake ni kidogo lakini hakifichiki. Baharini mgandamizo wa hewa ni karibu milibari 1,013. Hapa Gisenyi, ambako hata uso wa ziwa uko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, ni karibu milibari 850. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni namba hiyo hushuka kwa milibari 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi kidogo.

Tuiweke kwa kilo, maana kilo ndiyo lugha ya soko. Kama meza yako ina ukubwa wa mita moja ya mraba, hewa iliyosimama juu yake kuanzia hapo hadi juu kabisa angani ina uzito wa tani 8 na nusu hivi. Hatuuhisi kwa sababu hewa hutusukuma kutoka kila upande, hata kutoka ndani ya vifua vyetu. Inapofika saa kumi jioni, mzigo huo umepungua kilo 20 hadi 30. Ni kama mtu ameondoa nusu gunia la viazi juu ya kila mita ya mraba ya soko, kimyakimya, bila kugusa bidhaa yoyote.

Simu nyingine hutumia kipimo hichohicho kukisia urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Ukiiacha juu ya meza tangu asubuhi, jioni itakwambia kwamba Mbugangari imepanda mita 20 au zaidi. Saa nne usiku itakwambia mtaa umerudi chini.

Watu wa Ulaya walichelewa kulijua jambo hili, na sababu ni hali ya hewa ya kwao. Huko mgandamizo huyumbishwa na dhoruba kwa makumi ya milibari, na kujaa na kupwa kwa hewa ni hafifu, kwa hiyo huzama katika vurugu hiyo. Walikuja kuliona vizuri walipobeba vipimo vyao hadi nchi za joto. Mtafiti Mjerumani Alexander von Humboldt, aliyesafiri Amerika ya Kusini kati ya 1799 na 1804, aliona kwamba kipimo cha hewa katika nchi za ikweta kinafuata saa kwa uaminifu kiasi kwamba mtu angeweza kukitumia kujua muda, akakosea kwa dakika 15 hivi tu. Kwetu sisi, kipimo kile kile ambacho Ulaya kinatabiri mvua kinafanya kazi ya saa ya ukutani.

Si Mwezi, ni Jua

Ukisikia kujaa na kupwa, fikra hukimbilia Mwezi. Kwa bahari ya maji ni sahihi. Mwezi ndio mvutaji mkuu, Jua ni msaidizi. Kwa bahari ya hewa mambo yamegeuka. Mwezi huivuta hewa pia, lakini mvuto wake ni mdogo sana, sehemu ndogo ya milibari moja. Kazi kubwa hufanywa na Jua, na hulifanya kwa joto, si kwa mvuto.

Jua linapopanda hupasha mvuke wa maji ulio karibu nasi, na huko juu, kilomita 30 hadi 50, hupasha tabaka la ozoni. Hewa iliyopashwa hutanuka na kusogea, na mawimbi huanza kutembea. Swali ambalo lilisumbua wataalamu kwa muda mrefu ni hili: Jua hupasha mara moja kwa siku, kwa nini hewa ijae mara mbili?

Jibu liko katika namna joto linavyoingia. Jua haliwaki kwa mpangilio laini wa kupanda na kushuka kwa saa 24. Huwaka kwa saa 12 hivi, kisha huzimika kabisa usiku kucha. Joto la namna hiyo hubeba midundo miwili ndani yake, mmoja wa saa 24 na mwingine wa saa 12. Ule wa saa 24 huvunjika njiani, kwa sababu tabaka moja la hewa husukuma huku na lililo juu yake husukuma kule, yakafutana. Ule wa saa 12 huisogeza hewa yote pamoja kutoka chini hadi juu, kama wabebaji wawili wanaoinua gunia kwa wakati mmoja. Huo ndio unaofika ardhini ukiwa na nguvu, na ndio unaosomeka kwenye simu ya kijana wako.

Mombasa hadi Gisenyi kwa dakika 42

Wimbi hili hufuata Jua, na Jua halina habari na mipaka wala saa za serikali. Kila mfanyabiashara anajua kwamba ukivuka Gatuna kwenda Uganda, au Rusumo kwenda Tanzania, lazima usogeze saa mbele kwa saa moja, na kwamba ukivuka kwenda Goma huna haja ya kugusa kitu. Hewa inatumia saa ya Jua peke yake.

Tufuate safari yake ya asubuhi. Mombasa hewa hujaa mnamo saa nne na dakika 21 kwa saa ya Kenya. Nairobi ni saa nne na dakika 33. Kampala ni saa tano kasoro dakika 10. Gisenyi ni saa nne na dakika 3 kwa saa ya Rwanda, ambayo Kampala tayari wanaiita saa tano na dakika 3. Dakika 16 baadaye kilele kiko Kisangani. Katika siku fulani za mwaka utakuta kimewahi au kimechelewa robo saa, kwa kuwa Jua na saa za mkononi havipatani kikamilifu.

Hesabu inasema hivi: kutoka pwani ya Kenya hadi Ziwa Kivu, kilele cha hewa husafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwa dakika 42. Mzigo wako wa mchele au nguo za mitumba kwa njia hiyo hiyo huchukua siku kadhaa, ukihesabu mizani, foleni na karatasi. Mzigo wa hewa haupimwi popote wala haulipi ushuru, na hupita mara mbili kila siku.

Unavyoisukuma Dunia

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, ndiyo maana tunaliona Jua likitokea upande wa Kigali na kuzama upande wa Goma. Saa nne asubuhi, hewa inapokuwa imejaa juu ya Mbugangari, Jua bado liko mashariki yetu. Rundo hilo la hewa lina uzito, na kila chenye uzito huvutwa na Jua. Huvutwa kuelekea liliko Jua, yaani upande wa Kigali, yaani upande uleule ambao Dunia inageukia. Kwa hiyo kila siku rundo hilo huipa Dunia msukumo mdogo wa kwenda mbele.

Kama hewa ingejaa saa sita kamili mchana, Jua likiwa utosini, mvuto ungekuwa wa juu tu na usingegeuza kitu. Kama ingejaa saa nane, Jua lingeivuta Dunia kurudi nyuma. Yote yanatokana na hizo saa mbili za kuwahi kabla ya adhuhuri. Upande wa usiku, rundo la saa nne usiku nalo limo katika hesabu, na jumla yake hubaki ileile: hewa inaharakisha Dunia.

Bahari ya maji hufanya kinyume. Dunia hujizungusha haraka kuliko Mwezi unavyoizunguka, hivyo hulikokota rundo la maji na kulitanguliza mbele ya Mwezi. Mwezi hulivuta lirudi. Msuguano wa maji yanayojaa na kupwa kwenye pwani na kwenye vina vifupi vya bahari ndio breki ya Dunia. Malipo yake yanaonekana angani, kwani vioo vilivyoachwa mwezini na wanaanga wa Marekani kuanzia 1969 vimeonyesha kwamba Mwezi unatusogea mbali kwa karibu sentimita 3.8 kila mwaka.

Fikiria chukudu lililojaa mkaa linateremka barabara ya Goma. Dereva amekanyaga nyuma ili kupunguza mwendo. Huyo ni Mwezi pamoja na bahari. Lakini mtoto amejitokeza anasukuma mzigo kutoka nyuma. Huyo ni Jua pamoja na hewa. Leo mtoto ni mdogo. Msukumo wake haufiki hata sehemu moja kwa kumi ya nguvu ya breki. Mwanasayansi William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, aliliona hilo mwaka 1882: hewa inaisukuma Dunia mbele, lakini bahari inashinda.

Kwa sababu bahari inashinda, siku inarefuka. Kumbukumbu za kupatwa kwa Jua zilizoandikwa na watu wa kale kwa zaidi ya miaka 2,500 zinaonyesha kwamba siku imekuwa ikiongezeka kwa chini kidogo ya milisekunde 2 kila karne. Milisekunde ni sehemu moja kati ya elfu ya sekunde. Hakuna mtu atakayefungua duka mapema kwa ajili hiyo. Lakini Dunia ina miaka zaidi ya bilioni 4, na senti ikiwekwa kila siku kwa muda huo inakuwa utajiri.

Wakati mtoto alipokuwa na nguvu

Mwaka 1963 Mmarekani John Wells alihesabu mistari midogo kwenye matumbawe yaliyogeuka mawe, ambayo huongeza mstari mmoja kila siku kama mti unavyoongeza pete kila mwaka. Katika matumbawe ya miaka milioni 380 hivi iliyopita alikuta mistari karibu 400 kwa mwaka. Mwaka ulikuwa na urefu ule ule wa kuzunguka Jua, lakini siku zilikuwa fupi, karibu saa 22 kila moja.

Ukirudi nyuma zaidi kwa hesabu hiyo ungetegemea siku iendelee kufupika kwa utaratibu. Haikuwa hivyo, na hapo ndipo hewa inapoingia kwa nguvu.

Mtu anayebeba ndoo ya maji kichwani anajua siri yake. Maji ndani ya ndoo yana mdundo wao. Ukitembea polepole kuliko mdundo huo, au haraka kuliko huo, maji hutulia kiasi. Lakini hatua zako zikilingana nao, kila hatua inaongeza wimbi, na baada ya muda mfupi maji yanakumwagikia usoni. Hukuongeza nguvu, umelingana tu.

Hewa ya Dunia ina mdundo wake pia, wa muda mfupi kuliko saa 12. Leo Jua husukuma kila saa 12, hivyo halilingani nao, na hewa hutulia kiasi. Lakini siku ilipokuwa fupi, nusu ya siku nayo ilikuwa fupi, na kuna wakati ililingana na mdundo wa hewa. Hapo milibari zetu chache ziliongezeka mara nyingi. Mtoto aliyesukuma chukudu akawa mtu mzima mwenye nguvu sawa na dereva anayekanyaga breki. Chukudu likaendelea kwa mwendo mmoja, halipungui wala haliongezeki.

Mwaka 1987 Kevin Zahnle na James Walker wa Marekani walipendekeza kwamba siku iliwahi kukwama hivyo, ikiwa na saa 21. Mwaka 2023 makundi mawili, moja likiongozwa na Ross Mitchell na Uwe Kirscher, jingine likiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, yalitoa hesabu mpya: siku ilisimama kwenye saa 19 hivi, na ilibaki hapo kwa takribani miaka bilioni moja. Baadaye joto la Dunia lilibadilika, mdundo wa hewa ukaachana na wa Jua, breki ya bahari ikashinda, na siku ikaanza tena kurefuka mpaka kufikia hizi saa 24 zetu.

Wataalamu hawajakubaliana wote. Wapo wanaosema hewa ya wakati ule isingeweza kupata nguvu hiyo, na mjadala unaendelea kwenye majarida yao. Lakini ikiwa hesabu ya kundi la Toronto ni sahihi, basi bila hewa kushikilia mwendo kwa muda huo, siku ya leo ingekuwa na zaidi ya saa 60. Fikiria mchana wa saa 30 Mbugangari: nyanya zilizopangwa asubuhi zingeoza kabla ya jioni, na usiku wa saa 30 baada yake ungewashinda hata wavuvi.

Ushahidi wa enzi hizo tunaukanyaga. Mawe ya bati yanayochimbwa katika milima ya Rwanda na Kivu yaliumbika karibu miaka milioni 1,000 iliyopita, yalipopanda majimaji ya moto kutoka kwenye miamba iliyoyeyuka chini. Kama siku ilikuwa na saa 19 wakati huo, mwaka ulikuwa na siku 461. Mfuko wa mawe unaopimwa leo kwenye mizani una umri wa zama ambazo Jua lilichomoza mara 461 kati ya mwaka na mwaka.

Wimbi lililofika hadi Kivu

Mtu anaweza kuuliza, mdundo wa hewa nani ameuona? Volkano zimeuonyesha. Krakatoa ilipolipuka tarehe 27 Agosti 1883, wimbi la hewa liliizunguka Dunia mara kadhaa, na vipimo vya hewa vya miji ya mbali viliandika kila lilipopita. Kwa miaka mingi mwendo wa wimbi hilo ulitumika kukadiria mdundo wa hewa.

Kisha ikaja Hunga Tonga, katika Bahari ya Pasifiki, tarehe 15 Januari 2022. Wimbi lake lilikimbia zaidi ya kilomita 1,100 kwa saa. Kutoka huko hadi hapa ni zaidi ya kilomita 16,000, kwa hiyo kwa mwendo huo lilipita juu ya Ziwa Kivu mnamo saa tatu usiku ya siku hiyo hiyo, watu wakiwa mezani, bila mtu kuhisi chochote. Watu wa Goma na Rubavu wanaijua volkano kwa moto na matetemeko, kama ya Nyiragongo mwezi Mei 2021. Ile ya Tonga iliwafikia kwa njia ya hewa tu.

Zuhura, sayari iliyogeuzwa na hewa yake

Anayetaka kuona hewa ikishinda kabisa aitazame Zuhura, ile nyota ing'aayo ambayo misimu mingine huonekana alfajiri na mingine jioni. Zuhura ina ukubwa karibu sawa na Dunia, lakini hewa yake hugandamiza mara 90 na zaidi kuliko yetu. Hujizungusha taratibu mno, mara moja kwa siku 243 za kwetu, tena kinyumenyume. Huko Jua hutokea magharibi.

Jua, kwa mvuto wake, lingependa kuishika Zuhura uso mmoja uelekee kwake daima, kama Mwezi unavyotuonyesha uso mmoja. Mwaka 1969 Thomas Gold na Steven Soter walieleza kwa nini haikuwa hivyo: hewa nzito ya Zuhura, ikipashwa na Jua, hujaa kabla ya adhuhuri kama ya Mbugangari, na huisukuma sayari isitulie. Mwendo wake wa leo ni mapatano kati ya nguvu hizo mbili. Vipimo vya rada vimeonyesha kwamba hata mapatano hayo si imara: siku ya Zuhura hurefuka na kufupika kwa dakika 20 hivi, kwa sababu upepo wake na mwili wake hupokezana mwendo.

Dunia nayo hupokezana na upepo wake, kwa kiasi kidogo. Wakati wa El Niño kubwa, kama ile ya 1997 na 1998 iliyoharibu barabara nyingi za Afrika Mashariki kwa mvua, upepo wa mashariki wa ikweta hulegea, hewa huchukua mwendo zaidi, na Dunia hupungua kidogo. Siku hurefuka kwa karibu milisekunde moja, kisha hurudi.

Inatuhusu nini sokoni

Kwanza, ramani za simu. Mbugangari, kama maeneo yote ya karibu na ikweta, inazungushwa na Dunia kwa kasi ya mita 465 kila sekunde. Anayekosea mzunguko wa Dunia kwa milisekunde moja tu amekosea mahali ulipo kwa karibu nusu mita. Makosa hayo yakirundikana kwa siku 100 yanafika mita 46. Kwa hiyo waendeshaji wa setilaiti hupewa kila siku hesabu mpya ya Dunia imegeuka kiasi gani, na hewa imo ndani ya hesabu hiyo. Sili za kielektroniki zinazofuatilia makontena kutoka Mombasa kupitia Uganda hadi Rwanda zinategemea setilaiti hizo. Lori likionekana kwenye ramani liko barabarani badala ya ndani ya shamba la mtu, ni kwa sababu kuna aliyehesabu.

Pili, na hili ni la leo jioni, ni kuhusu sambaza wako. Usilinganishe namba ya saa nane na ya saa nne; ilinganishe na ya jana saa nane. Zikikaribiana, hewa inapwa tu, mwache samaki juani. Tena hapa kwetu mvua nyingi huja bila mgandamizo kubadilika sana, hivyo tazama mawingu kwanza, na usikilize utabiri wa hali ya hewa. Dalili moja ya namba inayofaa kuogopwa ni kinyume cha ile aliyofundishwa kijana: katika saa za kupwa, kati ya saa sita na saa kumi, namba ikiacha kushuka ikaruka juu ghafla, na upepo wa baridi ukapiga, basi hewa nzito ya mvua ya radi imekwisha kufika. Hapo ndipo pa kukunja turubai.

Atakayetaka kuhakikisha haya hahitaji chuo. Achukue daftari la madeni, ageuze ukurasa wa nyuma, aandike namba ya simu saa nne asubuhi, saa kumi jioni na saa nne usiku kwa wiki moja. Mwenzake aliye Goma, Kampala au Mombasa afanye vivyo hivyo, kisha walinganishe. Watakuta wameandika kupanda na kushuka kwa namna moja, kila mmoja kwa saa yake, dakika chache mmoja baada ya mwingine, kutoka pwani hadi ziwani.